Damu ya Mchele

Juni 9, Alhamisi

Redio imetangaza leo kwamba majira ya mvua yameingia, kana kwamba sisi wenye ndoo tatu chini ya paa hatukujua. Nimenunua daftari hili kwa sababu daktari kasema mkono wangu wa kulia unaotetemeka ufanyishwe kazi kila siku. Nikamwambia mbona nachanganya rangi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kasema kuandika ni kitu kingine. Haya. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo atakayesoma humu avumilie.

Kazi imeingia. Hosaka, mtu wa kampuni ya kanda anayezunguka mtaa wetu wote wa Nerima na kigari chake akisambaza na kukusanya picha, kashusha maboksi manne ya kwanza. Ni katuni ya kanda ya video, ya watu wazima, dakika arobaini na tano. Jina lake *Bonde la Meno*. Mashetani wanatoka chini ya reli na kula makarani wa benki. Kwa nini makarani wa benki, sijui. Labda mwandishi alinyimwa mkopo.

Mama Kunimoto, mwenye karakana, katukusanya: wanawake wake watano wa kupaka na mimi mchanganya rangi. Kasema bila kuzungusha: "Katuni ya sungura imekwenda Seoul, kwa wapakaji wa bei nafuu, na haitarudi. Hii ndiyo kazi pekee tuliyobaki nayo. Tukiifikisha kwa mpiga picha Julai kumi na tano ikiwa safi, sehemu ya pili na ya tatu ni zetu. Tukishindwa, nafunga mlango."

Mieko, yule mwenye ulimi, akauliza: "Mama, na haya matumbo yana rangi gani?"

"Rangi iliyoandikwa, Mieko. Na usivuke mstari."

Juni 10

Mvua.

Juni 13, Jumatatu

Niseme jinsi kazi inavyokwenda, maana daktari akisoma atadhani nafanya kazi buchani. Mistari ya picha iko mbele ya shiti ya plastiki angavu. Sisi tunaigeuza na kupaka rangi mgongoni. Kwa hiyo mpakaji haoni uzuri wa kazi yake mpaka aigeuze tena. Ikikauka, inafunikwa kwa karatasi nyembamba na kulazwa juu ya mwenzake ndani ya boksi, tayari kwa mpiga picha anayezipiga moja moja ziwe filamu. Sekunde moja ya shetani kumng'oa karani mkono hula shiti nane, wakati mwingine kumi na mbili.

Damu ziko tatu: damu mbichi, damu ya kivulini na damu ya kung'aa. Nazichanganya mimi. Wanawake wamekaa kwa mstari, aproni za jikoni, redio inaimba, na kila mmoja ana utumbo wake mbele yake. Saa kumi kamili wananawa mikono, wanakimbilia watoto shuleni.

Mieko kamwambia mama mkwe wake kwamba bado anapaka sungura.

"Akija hapa je?" nikamuuliza.

"Nitamwambia huyu ndiye sungura, babu, kachunwa."

Mama Kunimoto hakucheka. Huyu mama ni mchoyo wa kicheko kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfanyia kazi. Alichukua shiti ya Mieko, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. "Ini limevuka mstari. Rudia." Ini la karani litaonekana nukta ya sekunde. Nani atalihesabu ini hilo?

Juni 17, Ijumaa

Hosaka kaja tena na maboksi mawili ambayo hayakuwa kwenye orodha. Anaongea kama anayeomba radhi msibani.

"Mkurugenzi kaongeza damu kidogo, Mama."

"Kidogo kiasi gani?"

"Pale stesheni. Zamani ilikuwa inaruka ukutani. Sasa inaruka ukutani, inateremka, halafu inafika kwenye ngazi."

"Na kwenye ngazi?" nikauliza mimi.

"Ngazi ziko arobaini, mzee."

Huyo mkurugenzi anaitwa Numajiri. Sijamwona, ila nimekwishamchora kichwani: shingo nene, jino la dhahabu, anakula nyama mbichi.

Juni 21

Mvua. Shiti hazikauki mpaka siku ya pili. Tumezitundika kwa vibanio vya nguo hadi chooni. Ukienda haja unatazamana na mashetani kumi na wanne.

Juni 24, Ijumaa

Nerima nzima imeishiwa damu.

Si mzaha. Nilimpigia muuza rangi asubuhi kuagiza nyekundu namba sita, mama wa damu zote tatu. Kasema hana. Nikapigia karakana ya upande wa pili wa reli, nao wanakata vichwa, nao hawana. Ile nyingine karibu na bwawa inafanya ya msumeno, wala hawakuniruhusu nimalize sentensi. Mwaka huu kila kampuni inataka kanda ya kuchinjana, na kiwanda cha rangi bado kinadhani tunapaka sungura. Mzigo mpya, mwisho wa Julai.

Mama Kunimoto alisimama mbele ya rafu akitazama mitungi miwili na nusu. "Inatosha shiti ngapi, Mzee Sugaya?"

"Mia saba. Ukiibembeleza, mia nane."

"Zimebaki ngapi za damu?"

"Elfu moja mia tisa na kitu."

Akaenda kupanga brashi zilizokuwa zimepangika tayari.

Juni 25, Jumamosi

Nimepata.

Mwaka wa kwanza baada ya vita nilikuwa nachora mabango ya sinema mtaa wa Asakusa. Rangi haikuwepo, wali wenyewe ulikuwa wa kunusa. Bosi wetu alikuwa anapika gundi ya mchele, laini kama uji wa mtoto, anachanganya na rangi, mtungi mmoja unazaa mitatu. Nimewapaka midomo waigizaji wa kike kwa uji huo na watu walisimama barabarani kuwatazama.

Jana nilipika sufuria moja nyumbani. Leo nimekuja kabla ya wengine. Sehemu mbili rangi, sehemu tatu gundi, tone la nyeusi ili isipauke. Nikaipaka kwenye shiti mbovu, nikaigeuza. Nzuri. Nzito kuliko ya kiwandani, inang'aa kama imetoka mshipani sasa hivi. Nilijipongeza mwenyewe kwa sauti.

Sikumwambia mtu. Mama Kunimoto angeuliza maswali mia. Nilimwambia tu kwamba nimegundua mitungi mingine nyuma ya rafu.

"Nyuma ya rafu," akasema.

"Nyuma kabisa."

Akanitazama, akasema sawa.

Juni 28

Damu inakwenda vizuri. Mieko kasema leo damu yangu inampa njaa. Nikamwambia amwambie mumewe ampikie.

Julai 2, Jumamosi

Numajiri kaja mwenyewe. Nimeaibika na picha yangu ya kichwani. Ni kibonge mfupi wa miaka thelathini na mitatu, miwani imefungwa kwa utepe, viatu vimelowa mpaka soksi. Aliinamia kila mpakaji akisema samahani kwa usumbufu. Akavua soksi, akapanda kiti, akaanza kutundika shiti na sisi.

Mieko hakuweza kuvumilia. "Bwana mkurugenzi, hivi mama yako anajua unachofanya?"

"Anajua. Anasema nilikuwa mtoto mzuri."

Nikamuuliza mimi kwa nini damu yote hii, na ngazi arobaini juu yake. Alifikiri, kibanio mdomoni. Kisha: "Mzee, kwenye katuni mtu anapigwa risasi anaanguka, basi, wanaendelea na mazungumzo. Mimi mtu akifa nataka aliyekaa nyumbani ajue kuna kitu kimemwagika na hakizoleki."

Mieko akasema, "Anayezoa ni sisi." Wakacheka wote, hata Mama Kunimoto, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Nilidhani ana meno ya bandia kumbe ni yake.

Numajiri alichukua shiti moja ya damu yangu, akaiinua dirishani. "Hii nyekundu mmeitoa wapi? Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta."

Nikavimba kama chura. Mama Kunimoto akasema, "Mzee Sugaya ndiye anayeijua."

Julai 5

Mvua. Viatu vyangu vimeota ukungu kabatini.

Julai 6

Mvua. Mkate nao.

Julai 9, Jumamosi

Nimeona nukta nyeupe mbili mgongoni mwa shiti moja, ndogo kama vichwa vya pini. Nikazifuta kwa kitambaa. Mbele, picha safi kabisa. Nikairudisha kwenye boksi.

Niandike ukweli humu, maana hakuna mwingine wa kuuandika. Nilijua ni nini. Mtu aliyeona viatu na mkate juma hilohilo hawezi kusema hakujua. Nilijiambia ni vumbi la chaki. Hatuna chaki humu ndani.

Julai 14, Alhamisi

Tumemaliza, siku moja kabla. Maboksi kumi na tisa. Wanawake walipiga makofi polepole, kama watu wasio na nguvu ya kupiga zaidi. Mama Kunimoto aliwapa kila mmoja kisanduku cha samaki mkunga wa kuchoma, na mimi kichupa cha sake, pombe ya mchele, ambacho daktari asikijue. Alikula nasi. Akatueleza kwamba yeye na marehemu mumewe walianza kazi kwenye baraza ya nyumba yao, brashi mbili, na kwamba shiti yake ya kwanza ilikuwa jani la mgomba aliloambiwa alirudie mara tisa.

"Nani alikurudisha mara tisa?" Mieko akauliza.

"Mume wangu. Tulikuwa na mwezi mmoja wa ndoa."

"Mimi ningempaka usoni."

"Nilimpaka," akasema Mama Kunimoto, akaendelea kula mkunga wake.

Nilikuwa nimemfanyia kazi miaka kumi na moja na sikujua kwamba ana utani ndani yake.

Julai 16, Jumamosi

Simu saa nne asubuhi. Mpiga picha.

Julai 17, Jumapili

Jana sikuweza kuandika. Leo mkono unatetemeka zaidi lakini nitauburuta.

Tulikwenda watatu, Mama Kunimoto, Mieko na mimi, kwenye kigari cha Hosaka, mpaka kwa mpiga picha. Chumba cha kamera ni kidogo, cheusi, chenye joto. Boksi la kumi na moja lilikuwa wazi mezani na kabla sijalifikia nilinusa. Wali. Wali uliolala siku nne chunguni na kifuniko juu.

Mpiga picha, mzee wa umri kama wangu, alikuwa amenyanyua shiti ya kwanza. Karatasi nyembamba ilikuwa imeng'ang'ania mgongoni. Alipoivuta, damu yote ilitoka nayo, kipande kimoja, kama gamba la kidonda. Chini yake manyoya ya ukungu, meupe, mengine ya kijani. Karani alibaki na mistari yake tu, tumboni wazi, unaona meza upande wa pili.

"Ni ngapi?" Mama Kunimoto akauliza.

"Nimefungua maboksi matano. Yote ya damu. Za ngozi na nguo ni nzima. Za damu zimeshikana kama matofali." Akanitazama mimi, si Mama Kunimoto. Watu wa umri wetu wote walipitia mwaka ule. "Mlitia nini humu?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Kosa langu," Mama Kunimoto akasema. "Mimi ndiye niliyeagiza rangi."

Akainama mpaka paji la uso likakaribia ukingo wa meza. Mieko naye akainama. Na mimi nikainama, maana ukiinama huonekani uso.

Tulirudi na maboksi. Wanawake wote waliitwa, Jumamosi, mmoja kaja na mtoto mgongoni. Tulijaribu kuyaloweka, tulijaribu pamba na spiriti. Shiti moja ilichukua nusu saa na ikatoka na mikwaruzo. Na hata ikitoka safi, utaipaka na nini? Nyekundu haipo Nerima nzima. Mama Kunimoto alipaka kwa mtungi wa mwisho uliobaki robo, wa kweli, shiti kumi na tatu, bila kuvuka mstari hata mara moja. Kumi na tatu kati ya elfu moja mia tisa. Niliwaona wanawake wakimtazama na kuacha kuosha, mmoja mmoja, na yeye anaendelea.

Julai 18

Mvua. Kampuni imempa Mama Kunimoto siku tatu.

Julai 19

Mvua. Shiti arobaini na moja.

Julai 20

Mvua. Mtungi umekwisha.

Julai 21, Alhamisi

Hosaka kaja bila boksi. Alivua viatu mlangoni akavipanga vizuri sana, nikajua. Sehemu ya pili na ya tatu zinakwenda Seoul. Alisema kampuni inashukuru kwa miaka yote.

Mieko akamuuliza, "Na wewe Hosaka, unashukuru?"

Akasema, "Dada, mimi naendesha gari tu." Akalia pale mlangoni, mtu mzima na shati lake. Nilikuwa namwita panya wa kampuni. Nimemfutia hilo.

Julai 23, Jumamosi

Nimekwenda kumwambia Mama Kunimoto.

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu stesheni. Nilimkuta peke yake anaosha brashi ambazo hakuna atakayezitumia, maji yanatoka safi na bado anaosha. Nikapiga magoti sakafuni, magoti haya ya miaka sabini na mitatu, nikasema yote: Asakusa, sufuria, nyuma ya rafu, nukta mbili nyeupe nilizofuta Julai tisa nikanyamaza.

Hakuacha kuosha. "Nyuma ya rafu hakuna kitu, Mzee Sugaya. Rafu hiyo aliipigilia mume wangu ukutani."

Nikaitazama rafu.

"Nilinusa siku ya pili. Nimepika wali maisha yangu yote, unadhani siujui?"

"Kwa nini hukunikataza?"

"Ningekukataza tungefunga Juni." Akakung'uta brashi. "Nilihesabu. Nilisema mvua ikikatika tarehe kumi, tutapita. Miaka mingi hukatika karibu na hapo. Nilikuwa nainuka asubuhi natazama angani. Nukta nyeupe niliziona tarehe nne."

Tarehe nne. Siku tano kabla yangu.

"Inuka," akasema, "utaumia magoti, na leo sina wa kumpeleka mtu hospitali."

Nilikuja pale nisamehewe au nitukanwe, moja kati ya mawili. Sikupata hata moja. Nilipewa kitambaa nikaanza kukausha brashi. Ningependa kuandika kwamba nafsi ilitulia. Haikutulia. Kosa likiwa la mtu mmoja ana pa kulibeba. Hili letu la wawili kila mmoja anamwonea mwenzake huruma na hakuna anayelitua.

Julai 25

Mieko kaja kuchukua aproni yake. Kapata kazi ya kufunga vyakula kwenye duka kubwa karibu na stesheni. Kasema sasa atamwambia mama mkwe ukweli wa alichokuwa anapaka, kwa kuwa hawezi tena kumkataza. Alinipiga begani kwa nguvu kuliko kawaida. "Babu, ulikuwa unachanganya damu nzuri." Sijui kama anajua. Sikuuliza.

Julai 27, Jumatano

Numajiri kaja, viatu vimelowa tena. Kakaa chini na sisi wawili, kaleta nusu tikiti. Alichelewa kusema alichojia, akawa anatoa mbegu moja moja.

Mama Kunimoto akamsaidia. "Mmefanyaje pale stesheni?"

"Tumeweka giza."

"Giza?"

"Taa za stesheni zinazimika. Skrini nyeusi dakika mbili na sekunde kumi. Sauti tu." Hakuinua macho. "Hakukuwa na muda wa kitu kingine. Juzi tuliwaonyesha wenye kampuni."

"Wakasemaje?"

Aliweka mbegu kwenye sahani. "Wamesema inatisha zaidi. Wamependa. Wanataka sehemu ya pili ifanywe hivyo kila mahali, maana ni rahisi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitaka kusema utani, na niliutafuta kila mfukoni.

"Kwa hiyo," Mama Kunimoto akasema, "hata zingekuwa safi."

"Zingekuwa safi tungezitumia, Mama. Naapa. Zilikuwa..." Hakumaliza. Alikuwa anazitazama shiti arobaini na moja zilizopona, zimetundikwa bado kwenye kamba.

"Chukua," akamwambia. Akazibandua mwenyewe, akatia karatasi katikati ya kila moja, akazifunga kwa uzi. Numajiri alizipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea majivu ya marehemu. Nimemkosea sana mtu huyu kichwani mwangu. Nimewakosea karibu wote.

Julai 29

Mvua. Mwenye nyumba kaja na futi ya kupimia.

Julai 31, Jumapili

Redio imesema majira ya mvua yamekwisha leo. Jua kali tangu asubuhi, kelele za nyenje, mabati yanatoa moshi.

Mama Kunimoto aliniita. Karakana ni tupu, meza zimeondoka, kabaki na moja. Kampuni imemwomba awaandikie wapakaji wa Seoul orodha ya rangi ya *Bonde la Meno*: kila shetani namba zake, ngozi ya karani mchana, ngozi ya karani chini ya taa, damu tatu na jinsi ya kuzichanganya. Hawamlipi kitu. Alikubali.

"Mimi sijui vipimo vyako," akasema. "Keti uandike."

Nikaketi. Nikamwambia tuwape vipimo vya uongo, wapake mashetani ya rangi ya waridi, tuone wenye kampuni watapenda na hilo. Nilimwona akilifikiria. Kweli alilifikiria, kwa muda wa kama pumzi mbili, na kwa muda huo nilikuwa kijana.

"Huko nako kuna wanawake wameketi kwa mstari," akasema. "Wana watoto wa kuwahi shule. Hawajui chochote kuhusu sisi. Andika vizuri, Mzee Sugaya, wasije wakarudishiwa kazi."

Nikaandika. Damu mbichi, sehemu sita kwa moja. Ya kivulini, tone la nyeusi na tone la buluu. Ya kung'aa, usitie maji kabisa. Mkono ulitetemeka, tarakimu zikalala ubavu. Akaichukua ile karatasi, akaipeleka dirishani penye jua, akaitazama.

Akanirudishia. "Haisomeki. Rudia."

Nimerudia mara nne.